Ukuta wa Nne

Jumamosi, 3 Agosti
Tumekaa mezani na daftari jipya, mimi, mume wangu na Mama, yaani mama mkwe wangu, kupanga banda la gari. Noah yetu inalala chini ya mwembe tangu tuhamie huku Goba. Embe changa zimebonyeza bodi, kunguru wameharibu rangi ya juu, na mwezi uliopita wezi waling'oa saitimira zote mbili usiku. Tumekubaliana kwamba kazi ianze mapema na bati ziwe juu kabla ya mvua za vuli, kwa sababu njia ya kwetu ni ya mteremko, na udongo ukishalowa lori halipandi.

Kilichotuchelewesha kulala ni mahali pa kujenga. Mume wangu anataka banda liegemee ukuta wa nyumba upande wa mashariki. Kwa hesabu yake tutajenga kuta tatu tu, ule wa nne upo tayari. Ni kweli upo, lakini nyuma yake ndipo kilipo chumba cha Mama, na Mama ana pumu. Mume wangu huwasha gari saa kumi na moja alfajiri na kuliacha lingurume wakati anafunga mkoba na kutafuta funguo. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na aliyelala haimwamshi. Ukuta wa tofali una nyufa, dirisha lina upenyo, na dari ya nyumba yetu imeungana mwanzo hadi mwisho.

Mama alitusikiliza, kisha akasema, "Wanangu, msigombane kwa ajili yangu. Nitahamia chumba cha watoto." Nimemwambia Mama hahami. Nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza: banda lisimame peke yake, mita 3 kutoka nyumbani. Mume wangu hakusaini, lakini hakufuta.

Jumapili, 4 Agosti
Tumepima gari. Futi kamba yetu imekatika mwanzoni na inaanzia sentimita 10. Mume wangu analijua hilo na hupunguza kila anapopima. Mwanetu mkubwa, aliyeshika upande wa pili, halijui, akawa anasoma namba kama alivyoiona. Noah ikatoka ndefu kuliko ilivyo kiwandani. Tukarudia kwa futi ya jirani.

Gari lina mita 4.6 kwa urefu na mita 1.7 kwa upana. Hizo namba mtu anaweza kuzipata bila kutoka kitandani. Zinazojenga banda ni nyingine, za gari likiwa wazi. Mlango wa nyuma wa Noah hunyanyuka kwenda juu, na anayepakua magunia lazima asimame nyuma yake, kwa hiyo nimeacha karibu mita moja huko na kiasi kidogo mbele. Urefu wa ndani umekuwa mita 6. Upana niliupima na Mama akiwa amekaa kiti cha mbele kushoto, pale anapokaa siku zote. Nilimwomba ashuke kama anavyoshuka, na fimbo yake, bila kujibana. Anahitaji mita 1.2. Dereva anatosha na sentimita 70. Jumla mita 3.6. Fundi mmoja aliyepita njiani ametuambia watu hujenga mita 3 na inatosha. Inatosha gari, lakini Mama itabidi ashukie nje kwenye mvua, na banda litakuwa limejengwa kwa ajili ya bati la gari peke yake.

Jumanne, 6 Agosti
Fundi wetu amekuja na makadirio aliyoyaandika nyuma ya boksi la misumari: saruji mifuko 40, tofali 400, "vitu vingine tutaona". Namheshimu huyu fundi, amejenga nusu ya mtaa huu na kuta zake hazijapasuka. Ila nikamwomba tukae tuhesabu pamoja, kwa sababu hivyo vitu vingine ndivyo vinavyomaliza pesa za watu.

Zege la msingi linakula mifuko 15. Kujenga tofali, 12. Jamvi la unene wa sentimita 10, mifuko 14. Lenta 5. Plasta ndani na nje, 16. Jumla 62. Fundi alikuwa ameishia kwenye lenta na kusahau sakafu. Tofali za inchi 6 ni kama 9 kwa kila mita ya mraba, na ukitoa nafasi za geti, mlango mdogo na dirisha, kuta zinataka 420 pamoja na zitakazovunjika. Msingi unataka 130 zaidi. Mfuko wa saruji tumeambiwa shilingi 16,000 na tofali shilingi 1,400, kwa hiyo hivyo viwili tu vinafika 1,762,000. Hapo hakuna kokoto, mchanga, mawe, nondo, ringi, waya wa kufungia, mbao, bati, umeme, ufundi, wala maji.

Jioni karatasi yenye bei za nondo na bati haikuonekana. Msaidizi wa fundi aliifungia vitumbua. Tumepiga simu dukani upya na bei ya bati ilikuwa imebadilika kidogo, tumeandika hiyo mpya.

Jumatano, 7 Agosti
Jumla ni 8,400,000. Tuna 7,200,000, akiba ya muda mrefu, na tumekubaliana kutokopa.

Mume wangu akarudi kwenye ukuta wa nne. Ametafuta gharama yake peke yake: tofali, msingi wake, saruji, plasta pande zote mbili, mchanga na ufundi, karibu laki saba. Alisema kwa upole, na najua hakuwa na nia mbaya, kwamba laki saba ni pesa nyingi kwa ukuta ambao tayari unao. Nikamjibu kwamba ule tulio nao ni wa Mama.

Tukakaa na daftari mpaka taa ya nje ikazimwa. Shata ya kukunja tumeiacha. Geti la chuma la mabawa mawili kwa fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani linaokoa laki tisa. Dari haihitajiki kwenye banda, 550,000. Plasta ya nje na rangi zitasubiri mwakani, 450,000. Imebaki 6,500,000. Juu yake nimeweka asilimia 10 ya dharura, 650,000, na nimeipigia mstari ili isiguswe kwa jambo lolote linaloweza kutabiriwa. Jumla 7,150,000. Ukuta wa nne umebaki.

Alhamisi, 8 Agosti
Mume wangu alivaa vizuri, akachukua ramani na nakala za hati, akaenda ofisi ya mipango miji kuomba kibali cha ujenzi. Leo ndiyo siku pekee wiki hii ambayo haendi kazini. Haendi kazini kwa sababu ni Nane Nane. Ofisi nayo ilikuwa imefungwa. Akapitia ofisi ya serikali ya mtaa ili angalau apate barua, nayo imefungwa. Amerudi na ndizi.

Jumatatu, 12 Agosti
Ombi limepokelewa, ramani imerudishwa. Mchoraji aliweka vipimo vyote vya banda na hakuweka umbali wa kutoka kwenye mpaka wa kiwanja. Afisa ana haki. Banda linalosimama peke yake huwa karibu na mtu mwingine kuliko nyumba ilivyo, na mgogoro wa mpaka hudumu kuliko jengo.

Tukaanza kutafuta bikoni. Tatu tumezipata. Ya nne iko chini ya banda la kuku la jirani wa upande wa mashariki. Nilikwenda kumwona nikiwa na wasiwasi, maana mazungumzo ya mpaka huwa hayaishi vizuri. Akatoka na tochi, tukaondoa majogoo wawili, akafukua mwenyewe. Bikoni ilikuwapo, imara. Ikatuonyesha kwamba tulikuwa tunaota kiwanja kipana kwa nusu mita kuliko kilivyo. Banda limesogezwa, na nafasi kati yake na nyumba imekuwa mita 2.5. Jirani amesema kuku wake atawahamisha mwenyewe siku akipata mbao.

Jumatano, 28 Agosti
Kibali kimetoka. Mawe na kokoto vilifika mapema asubuhi bila tatizo.

Mchanga ulifika saa tisa. Dereva akaitazama njia yetu, akatazama tairi zake, akamwaga mzigo wote getini. Noah ikawa imefungiwa ndani na gari la jirani limefungiwa nje. Tulitafuta vijana wenye matoroli mpaka usiku, na mchanga ukapanda kilima toroli moja baada ya jingine. Malipo yao hayakuwa kwenye daftari. Nimeyatoa kwenye dharura na kuandika jina lake halisi: usafiri wa ndani. Kwa yeyote anayejenga kwenye mteremko, huo ni mstari wa bajeti kama saruji, na ningependa mafundi wauandike wenyewe kwenye makadirio yao ya kwanza.

Jumamosi, 31 Agosti
Tofali zimeletwa. Mama alikuwa kwenye kiti chake barazani akiwaangalia wanaopakua. Akaniita, "Mwanangu, hizi mbona nyembamba?" Nikachukua futi. Ni za inchi 5. Urefu ni uleule na kimo ni kilekile, ndiyo maana wakati wa kupakua hakuna aliyeshtuka. Mwenye kiwanda amekubali kubadilisha, ila usafiri wa kuzirudisha tumegawana nusu kwa nusu.

Zilipokuja za inchi 6, Fundi alichukua moja, akaiachia kutoka usawa wa kiuno chake. Ikabaki nzima. Akachukua nyingine, nayo ikabaki. Mwenye tofali alinung'unika kwamba tunamharibia mali. Tofali lililotiwa saruji kidogo humeguka kwa mtihani huo, na ni heri limeguke leo mikononi mwa muuzaji.

Jumanne, 3 Septemba
Siku ya zege la msingi. Mafundi wako tayari, ringi zimefungwa, na maji ya bomba hayatoki tangu jana. Tumeagiza boza. Limekuja mchana na kuishia palepale lori la mchanga lilipoishia, tukapandisha maji kwa ndoo.

Kwa kuwa tulichelewa, vijana wakawa wanamwaga maji mengi kwenye zege ili liteleze na kazi iishe upesi. Hapo nimesimama kidete. Uwiano tuliokubaliana ni moja kwa mbili kwa nne, saruji, mchanga na kokoto, na maji yanayozidi huondoka baadaye na kuacha vitundu ambamo nguvu ya zege ilipaswa kuwa. Fundi aliniunga mkono, akawaambia, "Dada anasema kweli, hilo ni uji." Kulikuwa na jambo jingine ambalo yeye ndiye aliyenifundisha leo: mchanga ukiwa na unyevu kidogo huvimba, ndoo inajaa haraka na mchanga wenyewe ni pungufu. Mchanga wetu ulikuwa umelala na umande, na nusu yake umemwagikiwa maji njiani. Akaongeza kidogo kwa kila ndoo. Nimeandika maneno yake pembeni mwa ukurasa.

Jumatano, 11 Septemba
Kuta zimefika kifuani, nimekuta hazina matundu ya hewa. Fundi akasema ataweka juu, chini ya lenta, kama anavyofanya kwenye nyumba zote. Hii si nyumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na tundu la juu haulioni. Tunataka ya juu kwa joto na moshi, na ya chini kwa petroli.

Akakuna kichwa, kwa sababu kutoboa ukuta uliokauka ni kazi mara mbili. Nikamwambia malipo ya nyongeza nitayatoa. Amevunja tofali za kozi ya pili kwenye ukuta wa kaskazini na wa kusini, akaweka za matundu. Ukuta unaotazama chumba cha Mama hatukuutoboa popote. Msaidizi wake aliuliza kwa nini huo umebaki mzima, na Fundi akamweleza vizuri kuliko mimi.

Jumamosi, 14 Septemba
Mtaro wa kupitisha waya wa umeme kutoka nyumbani ulichimbwa asubuhi, kina cha sentimita 60. Sululu ikakutana na bomba la jikoni. Hakuna mtu nyumbani aliyejua bomba linapita hapo, kwa kuwa aliyejenga nyumba kabla yetu hakuacha mchoro. Tumefunga maji, tumenunua kiungio, na Mama akapika kwa maji yaliyobaki kwenye pipa la boza.

Nimechora ramani ndogo ya bomba na waya vinapopita, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni.

Jumatano, 18 Septemba
Jamvi limemwagwa, baada ya dawa ya mchwa na nailoni nzito chini yake. Sakafu inainama sentimita 6 kutoka ukuta wa nyuma hadi getini, ili maji ya kuoshea gari yasirudi ndani. Fundi alilinyoosha kwa ubao mrefu mpaka likawa laini kama sahani. Saa kumi na moja jogoo wa jirani alipita juu yake, akarudi, akapita tena. Jirani mwenyewe alikuja mbio kuomba radhi. Fundi alizifuta nyayo zilizokuwa karibu na kuta. Za katikati alizifikia kwa kutandaza ubao, na ubao ukaacha alama yake.

Kuanzia kesho tunamwagilia maji asubuhi na jioni, siku 7 zisizopungua. Watoto wamepewa zamu. Zege huendelea kukomaa kwa wiki kadhaa, na wahandisi hulipima nguvu likiwa na siku 28. Mume wangu anataka kuingiza gari wiki ijayo, nimemwomba asubiri.

Jumatano, 25 Septemba
Mbao zilizopigwa dawa zimepanda, bati za geji 28 zimefuata. Za geji 30 zingekuwa nafuu, lakini namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na juu yetu kuna mwembe. Saa nane mchana, mafundi wakiwa wamebakiza bati mbili za mwisho, ikanyesha. Mvua hii haikuwa kwenye matarajio ya mtu. Saruji iliyobaki tuliiwahisha ndani, isipokuwa mfuko mmoja uliokuwa umefunguliwa. Huo umeganda.

Mvua ilitusaidia kwa jambo moja. Tuliona maji yanakokwenda. Paa limeinamia upande wa jirani, kama ramani ilivyosema, na maji yote yalimwagikia kwenye banda la kuku. Bila mfereji tungekuwa tunamtumia jirani yetu mafuriko kila vuli na kila masika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina kama mita 31 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inashusha zaidi ya lita 300. Nimechukua pesa iliyobaki kwenye dharura, tumenunua mifereji. Simtanki la lita 1,000 tulilokuwa nalo nyuma ya jiko limehamishiwa hapo. Mchicha wa Mama uko hatua chache tu.

Jumamosi, 5 Oktoba
Geti limeletwa. Fundi wa kuchomelea amefanya kazi nzuri, viungo vimenyooka, rangi ya kuzuia kutu imeingia kila kona. Ila bawaba ameziweka ili geti lifunguke kwenda ndani. Kila bawa lina mita 1.35. Mabawa yakifungukia ndani yanakula nafasi yote tuliyoiacha nyuma ya gari, na anayepakua magunia hana pa kusimama. Alikuwa na mchoro wetu mkononi. Mchoro hauonyeshi upande wa kufungukia, na yeye amezoea mageti ya uani, ambayo hufungukia ndani. Amezikata na kuzichomelea upya hapohapo. Umeme ulikatika akiwa amebakiza bawaba moja, akarudi kuimalizia jioni.

Ijumaa, 18 Oktoba
Gari liliingia jana. Mume wangu aliliingiza taratibu, mwanetu akimwelekeza. Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele. Alifungua mlango wote, akatoa fimbo, akashuka, akasimama kati ya gari na ukuta, na nafasi ilibaki. Akapapasa ukuta kwa kiganja na kusema plasta ya ndani ni nzuri. Leo usiku mume wangu alisema, bila mimi kumuuliza, kwamba ameamka alfajiri akawasha gari humo na kwenda kusimama chumbani kwa mama yake akiwa kimya, kunusa. Nikamwambia kaboni monoksaidi haina harufu. Akasema anajua, lakini alitaka kusimama pale.

Jumamosi, 19 Oktoba
Hesabu: tumetumia 7,186,000 katika 7,200,000. Dharura imekwisha, na imekwenda kwenye mambo ambayo sasa nayajua majina: matoroli, boza, usafiri wa tofali, matundu, kiungio cha bomba, mifereji.

Jirani wa mashariki amekuja kuomba daftari. Naye anataka kujenga. Kiwanja chake ni chembamba, amepanga kuegemeza banda kwenye ukuta wa chumba cha watoto wake, na jenereta iwe humo. Nilimfungulia ukurasa wa ukuta wa nne. Akausoma wote. "Laki saba, dada," akasema, "hiyo kwangu ni ada."

Najua ni ada. Wanangu wako shule moja na wake. Nikamweleza kwamba jenereta haifai kuwashwa ndani ya banda lolote, hata lenye kuta nne na matundu, ikae nje, mbali na madirisha. Kuhusu ukuta, nikamwambia achore gari lake likiwa na milango wazi kabla ya kusema nafasi haipo. Tukatoka na futi. Banda la kuku likiondoka pale kwenye bikoni, mita moja na nusu inapatikana kati ya jengo na chumba cha watoto. Anasema atazungumza na mkewe, na Fundi atapita kwake Jumatatu. Daftari nimempa. Nimemwomba bei aziandike upya, maana saruji imepanda tangu Agosti.